Gari lililoinuliwa ndani ya lori: hesabu huanzia mlangoni

Mfanyabiashara wa Ugweno anayenunua gari la milimani jijini Dar es Salaam ana njia mbili za kulifikisha nyumbani. Anaweza kuliendesha mwenyewe hadi Mwanga na kulipandisha mlimani, au anaweza kulipakia ndani ya lori lenye bodi ya kufungwa linalorudi upande huo. Njia ya pili huonekana rahisi kwa sababu lori lipo, dereva yupo na safari ni ile ile. Hata hivyo, ndiyo njia inayomaliza faida upesi zaidi endapo bei imepatanwa kabla ya vipimo kuchukuliwa.

Ukurasa huu wiki hii unaeleza hesabu ya kupakia gari lililoinuliwa ndani ya bodi au kontena: vipimo vya mlango, namna ya kupandisha, namna ya kufunga, uzito mbele ya mizani, na mwisho bei ambayo mwenye gari na mwenye lori wanaweza kukubaliana bila mmoja kumlalia mwenzake. Maelezo haya yanamhusu pia mwekezaji mdogo anayefikiria kuunda bodi au tela kwa kazi hiyo.

GARI GANI TUNALOZUNGUMZIA

Tarafa ya Ugweno iko katika Wilaya ya Mwanga, ambayo hadi mwaka 1979 ilikuwa wilaya moja na Same. Barabara kutoka mjini Mwanga hupanda kwa kona hadi Kikweni, na kutoka huko njia huelekea Usangi na Ugweno. Wakati wa mvua, gari lenye tumbo la chini hupata shida katika njia za vijijini. Kwa sababu hiyo wenye magari ya kazi hupendelea Land Cruiser au Land Rover, tena wengine huziinua zaidi: huweka springi ndefu au kuongeza majani ya springi, hufunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, na juu huweka keria ya mizigo.

Marekebisho hayo yana faida njiani, lakini kila moja huongeza kimo cha gari. Katika makala haya neno "kimo" ni kipimo cha kutoka ardhini hadi juu, na neno "urefu" ni kipimo cha kutoka mbele hadi nyuma. Ni vizuri kutenganisha maneno hayo mawili hata wakati wa kupatana na mwenye lori, kwa maana ugomvi mwingi huanza pale mmoja anaposema "gari refu" na mwingine akaelewa jambo jingine.

WENGINE HUFANYAJE

Nchini Marekani kuna tela za kuvutwa ambazo mbele zina chumba cha kulala na jiko, na nyuma zina gereji. Mlango wa nyuma hulazwa chini ukawa daraja la kupandishia. Familia hubeba humo pikipiki na vigari vidogo vya kuchezea michangani, kisha jioni hulala humo humo. Wapo wanaojaribu kuingiza gari zima lililoinuliwa, na hapo ndipo tatizo hujitokeza. Milango mingi ya tela hizo hubeba kilo 1,100 hadi 1,400 hivi, wakati gari aina ya Jeep lenye milango minne lina uzito wa karibu tani 2. Gari linaweza kuenea ndani kwa urefu, lakini daraja halilibebi au mlango haulipitishi.

Karibu na kwetu, nchini Kenya, kuna mashindano ya Rhino Charge yaliyoanza mwaka 1989 kwa lengo la kuchangia uzio wa hifadhi ya milima ya Aberdare. Washindani hutakiwa kufikia vituo 13 ndani ya saa 10 kwa kutembea umbali mfupi kuliko wengine, bila kufuata barabara. Magari yanayoundwa kwa kazi hiyo huwa na springi ndefu na matairi makubwa ambayo hayafai kwa safari ndefu ya lami, na mengi hupelekwa uwanjani yakiwa juu ya lori au tela. Mwenye gari kama hilo hubeba gharama hiyo kwa hiari, kwani anajua ametengeneza gari la kazi moja.

Mfanyabiashara wa Ugweno hayuko katika hali hiyo. Gari lake lazima lilipe. Hivyo basi, kila sentimita na kila lita iingie katika hesabu.

KIMO NA MLANGO

Tuchukue mfano wa Land Cruiser ya bodi ndefu aina ya 78, ambayo ni ya kawaida katika barabara zetu. Ikiwa haijarekebishwa, kimo chake ni karibu mita 2.10, urefu wake karibu mita 5 na upana wake karibu mita 1.8. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni karibu mita 3.

Sasa tuongeze marekebisho. Springi zimeinua gari kwa sentimita 5. Tairi za kawaida za 7.50R16 zenye kipenyo cha karibu sentimita 80.5 zimeondolewa na kuwekwa za 285/75R16 zenye kipenyo cha karibu sentimita 83.5. Tofauti ya kipenyo ni sentimita 3, lakini gari hupanda kwa nusu yake tu, yaani sentimita 1.5, kwa sababu nusu nyingine ya tairi iko juu ya ekseli. Keria ina kimo cha sentimita 18. Jumla ni mita 2.345.

Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha karibu mita 2.28. Gari hili halipiti. Limezidi kwa sentimita 6.5. Mwenye gari aliyepima kwa macho ataligundua hilo akiwa ameshalipa vibarua na lori limeshawekwa sawa. Akifungua keria na kuiweka ndani ya gari, kimo kinashuka hadi mita 2.165 na anabaki na nafasi ya sentimita 11.5. Kontena la kimo kikubwa lina mlango wa karibu mita 2.58, na hilo linalipokea gari pamoja na keria yake.

Wapo wanaopunguza upepo wa matairi ili kupata sentimita mbili tatu. Njia hiyo haifai kutegemewa, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hubonyea zaidi njiani, mikanda hulegea, na gari huanza kucheza. Kufungua keria kwa spana ni kazi ya nusu saa na haileti hasara yoyote.

Bodi za malori hazina kipimo kimoja kama kontena. Kila fundi huunda kwa namna yake. Hivyo pima mlango wenyewe kwa futi kamba, kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa ya fremu ya juu, pembe zote mbili na katikati, maana fremu iliyogongwa huwa imepinda. Acha nafasi isiyopungua sentimita 5, kwa kuwa springi hudunda gurudumu linapovuka ukingo wa sakafu.

Upana nao una mtego wake. Mlango wa kontena una upana wa karibu mita 2.34. Gari la mita 1.8 likikaa katikati hubaki sentimita 27 kila upande. Dereva hawezi kufungua mlango wa gari na kutoka. Kabla ya kuingiza gari, amueni dereva atatokea wapi: dirishani, mlango wa nyuma wa gari, au gari livutwe kwa winchi bila mtu ndani. Swali hilo likiulizwa baada ya gari kuingia, jibu lake huwa ni kuvunja kitu.

KUPANDISHA

Sakafu ya lori la wastani iko karibu mita 1.2 kutoka ardhini. Ukitumia mbao za mita 3 kama daraja, mteremko wake unakuwa karibu nyuzi 24. Gari la tani 2.3 juu ya mteremko huo husukuma kurudi chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 920. Ukitumia daraja la mita 4.5, mteremko unashuka hadi nyuzi 15 na nusu hivi, na nguvu hiyo inakuwa kilo 615. Tofauti ya mita moja na nusu ya mbao inaondoa theluthi nzima ya mzigo kwenye klachi, winchi na minyororo.

Hapa mtu wa milimani ana nafuu ambayo mtu wa Dar es Salaam hana. Kando ya barabara za Ugweno kuna kingo za udongo zilizokatwa wakati wa kutengeneza njia. Lori likirudishwa nyuma hadi likagusa ukingo wenye kimo sawa na sakafu yake, gari huingia likiwa karibu tambarare, na mbao fupi mbili zinatosha kuziba pengo. Tahadhari ni kuhakikisha udongo ni mkavu na haubomoki, na magurudumu ya lori yamewekewa vigingi vya mbao au mawe pande zote mbili.

Panapokosekana ukingo, ncha za juu za daraja lazima zifungwe kwa mnyororo kwenye lori. Magurudumu ya gari yanapopanda kwa nguvu ya injini, huwa yanasukuma daraja kurudi nyuma. Daraja lisilofungwa huteleza likaanguka pale pale ambapo ekseli moja iko ndani na nyingine iko hewani.

Swali jingine ni kama gari liingie kwa pua au kwa nyuma. Kwa gari la bodi ndefu jibu ni pua. Paa la gari hilo huanza nyuma ya ekseli ya mbele, kwa hiyo linapopanda likiwa limeinua pua, paa hubaki chini ya kiwango cha mlango. Lakini nyuma ya ekseli ya mwisho kuna bodi inayozidi mita moja. Likiingizwa kinyumenyume kwenye mteremko wa nyuzi 15, magurudumu ya nyuma yanapofika sakafuni wakati ya mbele bado yako kwenye daraja, pembe ya nyuma ya paa hupanda zaidi ya sentimita 20 kuliko itakavyokaa gari likishatulia. Katika mfano wetu kimo cha mita 2.165 kinakaribia mita 2.39, ambacho ndicho kimo cha dari ya kontena la kawaida. Gari lililopimwa likiwa tambarare likaonekana linaenea, linakwaruza paa likiwa njiani kuingia.

Kuingiza kwa pua kuna faida ya pili: mlango wa nyuma wa gari unaangalia mlango wa lori, na dereva hutokea hapo.

KUFUNGA

Springi ndefu ndizo zinazofanya gari hili lifungwe tofauti na mengine. Mkanda ukifungwa kwenye chesisi na kukazwa, unavuta mwili wa gari chini dhidi ya springi. Lori likipita kwenye shimo, springi hubonyea, mkanda unalegea kwa muda, kisha springi hurudi na kuushtua. Baada ya mashimo mia moja, ndoano imechomoka au mkanda umekatika. Njia sahihi ni kufunga ekseli au magurudumu yenyewe kwenye sakafu, na kuacha mwili wa gari uchezee springi zake kama unavyofanya barabarani.

Kanuni za kufunga mizigo zinazotumika Ulaya na Marekani hutaka vifungo viweze kuzuia mzigo usisogee mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na usisogee pembeni wala nyuma kwa asilimia 50. Kwa gari la tani 2.3, maana yake ni tani 1.84 kuelekea mbele na tani 1.15 kuelekea pembeni na nyuma. Hiyo ndiyo nguvu ya breki ya ghafla na ya kona. Kamba ya katani au ya nailoni ya kufungia turubai haiwezi kazi hiyo, kwani hunyooka. Tumia minyororo, au mikanda mipana yenye vikazio vya chuma, minne isiyopungua, kila mmoja ukivuta kwenda pembe yake.

Pete za kufungia zisichomelewe kwenye bati la sakafu wala kupigiliwa kwenye mbao. Ziunganishwe na mataruma ya chuma yaliyo chini ya sakafu. Ugweno ni nchi ya chuma tangu enzi. Wafua chuma wa ukoo wa Washana walifua majembe na silaha zilizouzwa hadi kwa Wachaga, muda mrefu kabla ya reli. Haitakuwa sifa nzuri pete iliyochomelewa leo ikashindwa na kona moja ya Kikweni.

Weka gari kwenye gia, vuta breki ya mkono, na weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Ondoa waya wa betri. Hakikisha vifuniko vya tangi vimekaza na usiache dumu la mafuta ndani, kwa kuwa mvuke wa petroli hujikusanya katika bodi iliyofungwa. Injini isiachwe ikinguruma humo ndani hata dakika chache, na mtu asisafiri ndani ya gari lililopakiwa. Simamisha lori baada ya kilomita chache za mwanzo ukaze mikanda upya, kisha urudie kila mnapopumzika.

Dereva wa lori naye akumbuke kwamba mzigo huu uko juu. Sakafu iko mita 1.2, na kitovu cha uzito cha gari lililoinuliwa kiko karibu mita 0.8 juu ya sakafu hiyo. Uzito wote unakaa kama mita 2 kutoka barabarani. Lori hilo litalala kwenye kona zaidi kuliko likiwa na saruji yenye uzito ule ule, kwa hiyo kona zichukuliwe polepole.

UZITO NA MIZANI

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 ilianza kutumika nchini mwaka 2019. Pamoja na kuweka kikomo cha tani 56 kwa jumla, sheria hiyo hupima kila ekseli: ekseli ya usukani isizidi tani 8, na ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Lori la kutoka Mwanga kuelekea Moshi hupita kwenye mizani ya Njiapanda, Himo.

Gari la tani 2.3 peke yake halisumbui mizani. Linalosumbua ni mchanganyiko. Mwenye lori hupakia kwanza saruji au mabati mbele, kisha gari hukaa nyuma kabisa. Tuseme umbali kati ya ekseli za lori ni mita 5. Kitovu cha uzito wa gari kikiwa mita 1 mbele ya ekseli ya nyuma, ekseli ya nyuma hupokea kilo 1,840 na ya mbele kilo 460. Kikiwa mita 1 nyuma ya ekseli hiyo, ekseli ya nyuma hupokea kilo 2,760 na ya mbele hupunguziwa kilo 460. Uzito wa jumla haukubadilika hata kilo moja, lakini ekseli ya nyuma imeongezewa kilo 920, na usukani umekuwa mwepesi katika safari ya kupanda mlima. Kwa hiyo gari litangulie kupakiwa, au mzigo mwingine uwe mwepesi na ukae nyuma.

Kwa wanaovuta tela badala ya kutumia lori, kanuni ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo wake ikae kwenye kichwa cha kukokotea. Tela na gari vikiwa na jumla ya tani 3.5, hapo kichwani pawe na kilo 350 hadi 525. Ikipungua, tela huanza kuyumba kama mkia katika mteremko. Ikizidi, gari linalovuta huinua pua. Aidha, tela la uzito huo lazima liwe na breki zake lenyewe, na dereva ateremke mlima kwa gia ndogo badala ya kukalia breki hadi zichemke.

HESABU YA BEI KWA LITA

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, hivyo hesabu ya shilingi huchakaa upesi. Ni afadhali kupiga kwa lita, kisha kuzidisha kwa bei ya siku.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanga ni takriban kilomita 500. Land Cruiser ya dizeli ikitumia lita 13 kwa kilomita 100, safari nzima ni lita 65. Ongeza posho ya dereva, nauli yake ya kurudi, na uchakavu. Lori la wastani likitumia lita 25 kwa kilomita 100, safari ya kwenda ni lita 125, na ya kwenda na kurudi ni lita 250.

Ukikodi lori zima litoke Mwanga kwa ajili ya gari lako peke yake, unalipia lita 250 ili kuokoa lita 65. Hapo hakuna biashara, isipokuwa gari haliwezi kabisa kutembea.

Lakini lori lililoshusha ndizi, maharage au mbao Dar es Salaam linarudi kwa vyovyote vile. Mafuta yake ya kurudi yameshahesabiwa. Gharama mpya kwa mwenye lori ni ndogo: vibarua, nusu siku ya kupakia na kushusha, na lita chache zaidi kwa ajili ya uzito. Bei ya haki basi iko kati ya nguzo mbili. Nguzo ya chini ni gharama hiyo mpya ya mwenye lori. Nguzo ya juu ni kile ambacho mwenye gari angetumia kuliendesha mwenyewe, yaani lita 65 pamoja na dereva na uchakavu. Mwenye gari akilipa zaidi ya nguzo ya juu, anapata hasara. Mwenye lori akikubali chini ya nguzo ya chini, anabeba bure. Kati ya hizo mbili kila mmoja ana faida, na mwenye haraka kidogo ndiye atakayetoa zaidi.

Nguzo ya juu hupanda katika hali tatu: gari haliwaki na lingehitaji kukokotwa, gari halijapata namba za usajili na haliruhusiwi kutembea barabarani kama mengine, au lina matairi ya tope yenye meno makubwa, ambayo huliwa upesi na lami na bei yake si ndogo. Gari zima, lenye namba na matairi ya kawaida, kwa kawaida hufika kwa nafuu zaidi kwa magurudumu yake lenyewe.

BIMA NA STAKABADHI

Hapa ndipo mtaji wa mtu mdogo unapopotelea. Bima ya lazima ya lori hulipa madhara kwa watu na mali za wengine barabarani. Haimaanishi kwamba gari lililo ndani ya bodi limekatiwa bima. Kinachotakiwa ni bima ya mizigo safarini, na thamani ya gari iandikwe humo pamoja na namba ya chesisi. Omba kuiona kabla ya kupakia. Ikiwa stakabadhi ya mwenye lori imeandikwa kwamba mali husafirishwa kwa hatari ya mwenyewe, fahamu kwamba hilo ni sharti, na bei ya usafiri ishuke kwa kadiri hiyo au usafiri uahirishwe.

Andikeni kwenye karatasi moja hali ya gari siku ya kupakia: vioo, taa, matairi pamoja na la akiba, jeki, redio, kilomita zilizosomeka, na mikwaruzo iliyokuwepo. Pande zote mbili zitie sahihi. Pigeni picha kabla na baada. Gari linalotoka bandarini liambatane na hati zake za forodha, kwa kuwa maswali ya njiani huulizwa dereva wa lori, naye hana majibu asipopewa karatasi.

KWA MWENYE KUTAKA KUWEKEZA

Je, inafaa kuunda tela maalumu la kubebea magari kwa ajili ya Ugweno na Usangi? Kwa maoni ya ukurasa huu, bado. Magari yanayohitaji kubebwa ni machache kwa mwezi, na tela lisilo na kazi nyingine hukaa uwanjani likila mtaji.

Kinachofaa kuigwa kutoka kwa yale matela ya Marekani ni nafasi moja kufanya kazi mbili. Lori linalobeba ndizi na mbao kwenda na bidhaa za duka kurudi linaweza kuundiwa bodi yenye mlango unaopokea gari, kwa nyongeza ndogo ya gharama wakati wa kuunda. Mlango uwe na nafasi wazi ya mita 2.6 kwa kimo na mita 2.3 kwa upana. Pete nane ziunganishwe na mataruma ya chini. Daraja liwe la vipande viwili vya kuchomoa, urefu wa mita 4.5. Gari la tani 2.3 linaweza kuwa na tani 1.3 kwenye ekseli moja, yaani kilo 650 kwa kila kipande. Fundi aunde kila kimoja kibebe maradufu ya hapo.

Bodi hiyo itafikisha lori kimo cha karibu mita 3.9. Mwenye lori apite njia zake zote akiangalia matawi ya miti na nyaya za umeme vijijini kabla ya kutoa kazi kwa fundi. Mlango mkubwa usioweza kufika Kifula au Shighatini hauna faida kwa mtu wa huko.

USHAURI WA WIKI

Mnunuzi: pima kimo cha gari lako likiwa na kila kilicho juu yake, kisha ndipo upatane bei ya lori. Uliza habari za bima kabla ya kutoa malipo ya awali.

Mwenye lori: jua vipimo vya mlango wako kwa sentimita na uvitaje kwa mteja tangu mwanzo. Tafuta mzigo wa kurudi kabla ya kuondoka mlimani, maana ukianza kuutafuta Dar es Salaam ukiwa umeshashusha, madalali ndio watakaopanga bei.

Mwekezaji mdogo: anayeunda bodi mwaka huu aamue kimo cha mlango kwanza, na mengine yafuate. Kuongeza sentimita 30 za mlango wakati wa kuunda ni gharama ya chuma kidogo. Kuziongeza baadaye ni kukata bodi nzima.